Kiti cha Kumi na Tisa

Sehemu ya Sita

Daftari lilikuwa mikononi mwa Kalunde. Hapo ndipo tulipomwacha Alhamisi iliyopita, na hapo ndipo yuko bado, katika shamba la bondeni kule Mutituni, mbele ya wanawake thelathini walioketi kwenye nyasi kavu. Karani Mueni amesimama kando yake mikono mitupu, maana daftari ni lake na limenyakuliwa.

Kiti cha kumi na nane: Peris. Kiti cha ishirini: Mueni. Katikati, pale jina la Kalunde lilipokaa tangu kazi ilipoanza, mstari wa kalamu nyekundu. Juu ya mstari: Kavindu.

"Nani amenifuta?"

Wenzake wakaangalia vidole vya miguu. Mmoja akaanza kufuta vumbi kwenye ndoo ambayo haikuwa na vumbi.

"Nimeuliza. Nani amenifuta?"

Kwa wewe uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitakueleza upesi upesi, kisha usinisumbue tena. Kikundi hiki ni mwethya, yaani wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu, jembe kwa jembe. Kwa miezi minne wamemchimbia mitaro Mzee Kinuthia, mfanyabiashara wa maembe wa kule Matuu, aliyelikodi shamba hili la bondeni. Hawakutaka awalipe pesa. Walitaka awape gari lake la abiria kwa safari moja tu: waondokee Kyumbi Ijumaa jioni, Jumamosi alfajiri wawe Watamu, washinde kwenye maji mpaka jua litue, na Jumapili asubuhi wawe kanisani na mchanga bado masikioni.

Wengi wao hawajawahi kuiona bahari. Wameshona nguo za kuogelea zinazofika magotini, wamebishana kuhusu papa, wamepitisha azimio kwamba hakuna atakayeingia maji kupita kiunoni. Kalunde bahari haimhusu. Yeye anamtaka mtoto wake.

Mtoto mwenyewe ni Nzuki, wa pekee. Miaka sita iliyopita aliacha chuo cha ualimu, na baba yake, Ndunda, akamfukuza na kumwambia asikanyage tena Machakos. Akaishia Watamu, akajifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, na sasa anawafundisha wageni. Jumamosi hii ana mashindano. Jumatatu anapanda ndege kwenda Ureno, mkataba wa miaka mitatu.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kiti cha kumi na tisa ndiyo nafasi pekee ya Kalunde kumshika mwanawe kabla hajaenda. Na kama unajiuliza mbona asipande basi lake aende zake, basi hujaishi na mwanamume kama Ndunda. Ndunda alishasema: "Ukienda na wenzako wa mwethya, sawa. Ukienda peke yako, tafuta pa kurudi."

Haya, twende.

Aliyejibu alikuwa mwenyekiti, Peris, mwanamke wa kifua kipana na sauti ya kwaya.

"Mama Nzuki, kaa chini kwanza. Tulikuwa tunamaliza mambo ya chakula. Muthokoi ni sufuria tatu, chapati kila mtu anabeba zake..."

"Muthokoi ikae kando, Peris. Nani amenifuta?"

"Hakuna mtu amekufuta. Ni sheria." Peris alikohoa. "Mwethya haiandiki mtu. Inaandika mji, boma zima. Fungua ukurasa wa kwanza usome mji wenu uko kwa jina la nani."

Kalunde hakuhitaji kufungua. Alikumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulimpandisha hasira.

Miaka miwili nyuma, siku Mueni alipoanzisha daftari, alipita mji kwa mji akiuliza kazi iandikwe kwa jina la nani. Alipofika kwa Ndunda, mama mkwe, marehemu Kamene, alikuwa ameketi hapo mlangoni kwenye kigoda chake, mzima, masikio yote mawili yako wazi. Mkaza mwana gani Mkamba, aliyelelewa akaleleka, angetaja jina lake mwenyewe mbele ya mwenye mji? "Andika Kamene," Kalunde alisema. Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika, na majirani wakasema Ndunda ameoa mke mwenye adabu.

Tangu siku hiyo kila mtaro aliochimba Kalunde uliandikwa Kamene. Na Kamene alifariki Februari.

"Mji wa Kamene umelima siku arobaini na sita," Peris alisema. "Lakini Kamene hayuko. Mwenye jina akifariki, jembe lake linaenda kwa binti yake. Hiyo tulipitisha sisi wote. Wewe pia uliinua mkono."

Ni kweli, aliuinua. Wakati huo walikuwa wanamzungumzia mjane wa watu wengine kabisa.

"Hizo siku arobaini na sita," Kalunde alisema polepole, "Kamene alikuwa anatembea kwa mkongojo. Nani alikuwa anashika jembe?"

Hapo ndipo Kavindu alipofunua mdomo. Kavindu ni dada yake Ndunda, aliyerudi nyumbani mwaka jana baada ya kuachana na mumewe. Alikuwa ameketi chini ya mwavuli, leso mpya kabisa, bado ina mikunjo ya dukani.

"Kalunde, usitupigie kelele. Mimi nilizaliwa katika huo mji. Wewe ulikuja."

"Nilikuja na mikono," Kalunde alisema. "Leta yako tuione."

Kabla Kavindu hajaelewa, Kalunde alikuwa ameuvuta mkono wake wa kulia na kuufungua mbele ya watu wote. Kiganja laini, kucha zimepakwa rangi ya zambarau.

"Tafuteni sugu hapa. Hata moja. Mkipata, nitanyamaza niende nyumbani nikapike."

"Unanishika mkono mbele ya watu?"

"Nakushika mkono, ndiyo. Na una bahati nimeshika mkono tu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Kavindu aliunyakua mkono wake akauficha ndani ya leso.

"Kama uko na shida, muulize ndugu yangu. Ndiye alisema niende mimi."

Kalunde akageuka kwa Mueni. Mueni, wa watu, machozi yalikuwa yanamlenga.

"Ndunda alikuja kwangu Jumanne," Mueni alisema. "Akasimama mlangoni. Akasema hataondoka mpaka aone nimeandika. Nilitaka kukuambia, Mama Nzuki. Nilishindwa nianzie wapi."

Ndunda. Mume wake mwenyewe, aliyekula ugali wake Jumanne hiyo hiyo jioni na kuuliza kama kuna chumvi. Na jana asubuhi akaaga, eti anakwenda Matuu kuchagua miche ya maembe, atarudi Ijumaa. Alimwachia mke wake aje agundue mwenyewe mbele ya kadamnasi.

Kuna hasira ya kupayuka na kuna hasira ya kunyamaza. Kalunde alikuwa amemaliza ya kwanza. Alimrudishia Mueni daftari, akafunga leso kiunoni, akaokota jembe.

"Sawa," alisema. "Kazi ni ya Kamene. Mimi sijafanya kitu hapa. Basi wacha nifanye leo."

Akateremka kwenye mtaro wa tatu, kati ya vigingi viwili alivyovipigilia kwa mkono wake, hatua arobaini za ardhi ngumu. Wewe unayelima Ukambani unaijua hiyo mitaro ya fanya juu: unachimba handaki, unatupa udongo upande wa mlima, unakuwa tuta la kuzuia maji. Udongo wote ule Kalunde aliupandisha kwa mgongo wake. Sasa alisimama juu ya tuta, akalipiga jembe, akaanza kuurudisha udongo shimoni.

Mwanzoni hawakuelewa. Walipoelewa, Peris alishuka mbio akiwa ameshika viatu mkononi.

"Kalunde, wewe umeingiwa na nini? Kinuthia anakuja kukagua saa kumi. Mtaro ukiwa na pengo, mvua ikinyesha yote inabomoka. Hakuna mtaro, hakuna gari."

"Basi mwambie Kamene afufuke aje aurekebishe."

"Usitaje marehemu hivyo."

"Mmemtaja ninyi. Mmemwandikia na safari."

Wengine walishuka nao, sasa wamekasirika kweli kweli. Miezi minne. Wameacha mashamba yao. Mmoja alipiga kelele kwamba wajukuu wake wameshaahidiwa makombe ya baharini, Kalunde atawaambia nini? Mwingine akasema huo ni ubinafsi, kuwaharibia watu thelathini kwa sababu ya kiti kimoja.

"Nilipofutwa mlikuwa wapi?" Kalunde aliuliza bila kuacha kulima. "Mueni aliandika Jumanne. Leo ni Alhamisi. Msiniambie hakuna aliyejua, kijiji hiki mtu akipiga chafya hapa anaulizwa habari ya homa kule kanisani. Mlijua. Mkasema, aah, Kalunde atanyamaza, Kalunde ana adabu."

Akasukuma bonge jingine la udongo shimoni.

Mara jembe la pili likasikika. Mueni alikuwa amesimama kwenye sehemu yake mwenyewe, ile inayopakana na ya Kalunde, naye anafukia. Karani wa kikundi. Udongo ulikuwa unamwingia kwenye viatu na hakujali.

"Mimi ndio niliandika na huu mkono," alisema. "Wacha ufanye kazi nyingine."

Peris alikaa chini palepale mtaroni, mwenyekiti mzima, akashika kichwa.

Pikapu nyeupe ya Mzee Kinuthia ikatokea kule juu, saa kumi kasoro dakika tano.

Kinuthia ni mtu wa makamo, mpole, kofia ya majani, na hutembea akihesabu miti. Alishuka akihesabu, akafika mtaro wa tatu, akaacha kuhesabu.

"Mama Nzuki. Hiyo ni nini unafanya?"

"Nafukia, mzee."

"Unafukia mtaro yangu?"

Kalunde akasimama wima, akajifuta jasho kwa mkono wenye udongo. "Wako kwa kukodi tu. Shamba ni la mtoto wangu. Babu yake alimwachia, kwa sababu wanaitana majina, Nzuki na Nzuki. Kodi yako ni miaka mitano. Ikiisha, atapata shamba lake na mitaro ndani. Kwa hiyo nilikuwa nachimba na moyo wote, nikijua ni yake. Leo moyo umeisha."

Kinuthia alivua kofia. Aliangalia wanawake, akamwangalia Kalunde, akaivaa tena.

"Kukodi?" alisema. "Mama, mimi sikukodi. Mimi nimenunua."

Kalunde aliteremka kutoka kwenye tuta mpaka mbele yake.

"Umenunua nini?"

"Hii shamba. Ndunda aliniambia mmekubaliana nyumbani, wewe na yeye. Imebaki tu sahihi ya kijana, kwa sababu iko kwa jina lake. Alisema lazima ipatikane kabla kijana aende ng'ambo."

"Na hiyo sahihi inaletwa na nani?"

Maskini Kinuthia. Alifikiri anajibu swali la kawaida.

"Si Ndunda mwenyewe. Nilimpeleka stesheni ya Syokimau jana asubuhi, akapanda treni ya Mombasa. Saa hizi amefika huko kitambo."

Matuu. Miche ya maembe. Kalunde alijisikia kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Mume aliyekataa kulitaja jina la mwanawe kwa miaka sita, aliyegeuza picha yake ikatazama ukuta, amepanda treni kwenda kumwona kwa sababu ya karatasi. Na mama aliyemzaa amefutwa kwenye orodha.

Alimgeukia Kavindu. Jembe lilikuwa bado mkononi, na wanawake wawili wakasogea kumzuia.

"Wewe ulijua."

Kavindu alirudi nyuma hatua moja, mwavuli ukamwanguka.

"Mimi sijui mambo ya shamba. Ndunda aliniambia tu, kalia hicho kiti, huyu asiende huko akamfungua kijana macho. Hivyo tu. Nikasema hata mimi sijaona bahari."

"Hujaona bahari."

"Ndiyo. Sijaiona."

Wale wanawake wawili wakamshika Kalunde mabega. Hawakuhitaji. Alilitupa jembe, likaanguka miguuni pa Kavindu na kuichafua ile leso mpya.

"Maliza kufukia," alimwambia. "Jembe lako ulirithi, si ndiyo? Lima."

Mzee Kinuthia alikuwa ametia mikono mifukoni, uso umeshuka. Alisema yeye hununua mashamba, hanunui vita, na kama mama wa mwenye shamba hakujua, basi hana haraka. Gari, alisema, litafika Kyumbi kesho kama alivyoahidi, mtaro ufukiwe usifukiwe. Watu wamefanya kazi yao. Peris naye, ambaye sheria zilikuwa zimemwisha, alilichukua daftari kwa Mueni, akakata jina la Kavindu mistari mitatu, akaandika Kalunde kwa herufi kubwa. Hapo palipigwa makofi machache, ya aibu aibu.

Kalunde hakuyasikia.

"Mueni, nipe simu."

Yake ilikuwa kwa Ndunda. Jana alipoaga aliibeba, eti kioo kimepasuka, ataipeleka kwa fundi. Sasa hilo nalo lilieleweka. Lakini nambari ya Nzuki Kalunde anaijua kwa kichwa, na vidole vyake vyenye udongo viliipiga bila kukosea hata moja.

Iliita mara mbili tu.

"Hello?"

"Nzuki. Ni mama."

"Mwaitu, mama." Nyuma ya sauti yake kulikuwa na upepo mwingi na watu wakicheka. "Mwaitu, umejua aje nilikuwa nakufikiria? Baba yuko hapa. Baba amekuja."

Ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka kumi. Kalunde alifumba macho.

"Ameenda hapo mbele kutununulia madafu. Mwaitu, amelia. Alinishika hapa ufuoni mbele ya wanafunzi wangu akalia. Akasema nimsamehe. Miaka sita nimengoja hiyo kitu, siwezi kukudanganya. Akasema ni wewe umemtuma, umesema wewe huwezi safari ya mbali lakini umenibariki. Ako na karatasi ya kodi ya shamba la babu, ati niweke sahihi ndio usisumbuke nikiwa ng'ambo."

"Umeiweka?"

"Bado. Kalamu iko hapa. Kwa nini unauliza hivyo?"

Wanawake thelathini walikuwa wanamtazama. Kalunde aliwageuzia mgongo.

Angeweza kunyamaza. Fikiria hilo, msomaji, usimhukumu haraka. Kijana amempata baba yake leo, baada ya miaka sita, na shamba ni udongo tu. Angesema, weka sahihi mwanangu, na mtoto angepanda ndege akiwa na baba. Kwa nukta kadhaa alilipima jambo hilo. Kisha akaona picha iliyogeuzwa ukutani, akaona mstari mwekundu kwenye daftari.

"Karatasi si ya kodi," alisema. "Ni ya kuuza. Mimi sikumtuma. Alichukua simu yangu, akafuta jina langu kwenye gari ili nisije kukuambia. Amekuja kwa sababu ya hiyo sahihi, Nzuki. Asingekuwa na haja nayo, asingekuja."

Alimsikia mwanawe akivuta pumzi, akiitoa.

"Sawa," Nzuki alisema mwishowe. Sauti ya mtoto ilikuwa imekwisha. "Huyo nimemwelewa. Alikuja kwa sababu ya karatasi."

"Nzuki, mwanangu..."

"Na wewe? Yeye angalau amekuja. Miaka sita, mwaitu. Kuna treni, kuna basi kila siku. Wewe ulikuwa unangoja nini? Ati mpaka mwethya wapate gari?"

"Baba yako alisema nikienda peke yangu..."

"Baba alisema. Baba alisema na mimi nitoke, nikatoka nikiwa na miaka kumi na minane, na begi moja, na wewe ulikuwa umesimama hapo kwa mlango. Hukusema kitu. Ulikuwa na adabu."

Kalunde alifungua kinywa. Kwa Peris alikuwa na maneno, kwa Kavindu alikuwa nayo, kwa Ndunda alikuwa nayo ya kujaza mtaro. Kwa hili hakuwa na hata moja, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Hii karatasi nitajua la kufanya nayo," Nzuki alisema. "Hiyo ni yangu na yeye. Lakini Jumamosi usije. Nikikuona hapo ufuoni nitashindwa kusimama kwenye ubao. Tafadhali. Usije."

Simu ikakatika.

Mueni alikuwa amesogea karibu. Aliona uso wa mwenzake, akanyoosha mkono, akaipokea simu yake bila kuuliza kitu. Kule juu Peris alikuwa ameshaanza tena mambo ya sufuria.

Kalunde alijipangusa udongo kwenye viganja, kimoja kwa kimoja.

"Mueni," alisema, "hilo gari kesho linafika Kyumbi saa ngapi?"